Bweni Halina Kungwi

Waranti ilikuwa karatasi ya serikali. Unaipeleka kwenye dirisha la stesheni, karani anaigonga muhuri, unapewa tiketi ya daraja la tatu bila kutoa senti. Bila karatasi hiyo mtoto wa mkulima wa korosho wa Newala asingefika Tabora mwaka 1973, wala baba yake asingeuza hata jogoo ili afike huko. Kwa baba yangu Tabora ilikuwa mbali kuliko Msumbiji. Msumbiji kulikuwa na vita, lakini kulikuwa pia na shemeji zake.

Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalibandikwa ofisi ya elimu ya wilaya. Pamoja na barua ikaja fomu ya vitu vya kuchukua: shuka mbili, blanketi, ndoo, jembe, fyekeo, kaptula za kaki, mashati meupe. Tranka haikutajwa kwenye fomu, ila hakuna aliyethubutu kwenda bila tranka. Yangu ilitengenezwa na fundi bati wa sokoni, ikapakwa rangi ya bluu, na aliyeandika jina langu juu ya mfuniko akaishiwa nafasi kabla jina halijaisha. Mama alipanga nguo upande mmoja, upande wa pili akajaza korosho zilizobanguliwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba korosho zile ndizo zilizokuwa fedha halali bwenini.

Barabara ya kusini enzi hizo ilikuwa habari nyingine, na kivuko cha Rufiji wakati wa mvua habari nyingine tena. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, watoto wangu wenyewe wakiwa shuleni. Hayo nayaacha. Ninayotaka kusimulia ni ya treni, maana shule ilianzia mle.

Mabehewa yalikuwa bado ya Reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilikuwa haijavunjika. Ilivunjika 1977, na hapo ndipo likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Stesheni ya Dar es Salaam ilijaa vijana waliokalia tranka zao, hawa wa Tabora, wale wa Kigoma, wale wa Mwanza. Wajerumani walipoifikisha reli Tabora mwaka 1912 walikuwa na mawazo ya mizigo na askari. Sisi ilitubeba na ndoo zetu. Kila stesheni iliongeza wengine: Ruvu, Morogoro, Kilosa, Dodoma. Tulipofika Manyoni hapakuwa na pa kuweka mguu, nami nilikuwa nimeshajua kwamba Wachaga wanaitana meku, kwamba kuanzia siku ile jina langu ni njomba, na kwamba Mmakonde popote aendapo lazima aulizwe kama anakula panya. Nikajibu kwamba ni watamu. Wakacheka, wakanisogezea nafasi ya kukaa.

Saranda walinunua kuku wenye hela. Tuliobaki tulinusa.

Sitaitaja shule yangu. Walimu wengine bado wako hai, na yaliyotokea kule yalitokea pengine pote. Inatosha kusema ilikuwa ya wavulana watupu, ya bweni, safari fupi ya lori kutoka stesheni ya Tabora, ndani ya miombo. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo. Tulifika usiku. Mwalimu wa zamu alisoma majina kwa tochi, akatugawa mabweni, akatutakia usiku mwema, akaenda nyumbani kwake kulala. Nyumba za walimu zilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Kuanzia mlango wa bweni kufungwa hadi kengele ya alfajiri, mtu mzima hakuonekana tena.

Mwanafunzi mgeni aliitwa njuka. Njuka hakuwa na jina, hakuwa na kitanda cha hakika, na ndoo yake ilikuwa ya kila mtu. Usiku wa kwanza aliamriwa apande juu ya tranka apulize balbu mpaka izime. Akipuliza, mkubwa mmoja aliyesimama mlangoni anabonyeza swichi, taa inazima, bweni zima linampigia makofi. Halafu inawaka, anaambiwa pumzi yake haitoshi. Hilo lilikuwa la kuchekesha, hata sisi tulicheka. La njiti ya kibiriti halikuchekesha. Unapewa njiti moja, unaambiwa upime bweni urefu na upana. Unapiga magoti kwenye saruji, unalaza njiti, unaweka kidole kwenye ncha yake, unaihamisha, unahesabu kwa sauti. Saruji ya bweni letu ilikuwa imechimbika, kwa hiyo njiti ikitumbukia kwenye shimo unalazimika kuamua: shimo linahesabiwa au halihesabiwi? Ukishavuka mia mbili, mmoja anakuja kukuuliza kwa upole kabisa, "Njuka, kwenu mna ng'ombe wangapi?" Ukijibu, hesabu imepotea. Usipojibu, ni kiburi. Unaanza upya mlangoni.

Kilichonishangaza mimi hakikuwa ule ugumu. Nilikuwa mtoto wa Kimakonde niliyekwishapita kumbini. Huko Newala na Masasi, Wamakonde, Wamakua na Wayao, wote wanapeleka wavulana jando. Kumbi linajengwa porini, nje ya kijiji. Watoto wanatahiriwa na ngariba, wanakaa huko wiki kadhaa, hawaonani na mama zao. Wanafundishwa nyimbo, mafumbo, heshima na mengine yasiyosemwa hapa. Wanachapwa pia, wanalala kwa baridi, wanatishwa usiku. Kwa hiyo nilipolazwa kifudifudi kwenye saruji ile nilifikiri nimeelewa: kumbe hili ndilo kumbi la Wazungu. Nikawa nasubiri atokee kungwi.

Hakutokea. Katika kumbi kila mtoto ana mtu mzima aliyesimama naye tangu kisu hadi kidonda kupona, na mtu huyo akizembea, wajomba wa mtoto watamdai. Adhabu ina sababu inayosemwa, hata kama sababu yenyewe ni ya kupika. Juu ya yote, kumbi lina siku ya mwisho. Linachomwa moto, vijana wanaondoka bila kugeuka nyuma, wanapewa nguo mpya na jina jipya, mama zao wanapiga vigelegele. Bwenini mwanzo ulikuwepo, mwisho haukuwepo. U-njuka ulikwisha tu siku walipofika njuka wengine, na walioonewa mwaka jana ndio waliokuwa wa kwanza kushika njiti ya kibiriti.

Nimefundisha historia sekondari karibu maisha yangu yote, na swali hili limekuwa likinifuata: mzee wa bweni alikwenda wapi? Maana hakukosekana tangu mwanzo.

Shule za bweni za wavulana hapa kwetu zilianza na watoto wasio na pa kurudi. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Unguja alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya UMCA wavulana watano walioshushwa kutoka jahazi la watumwa. Kutokana na hao watano ikakua shule ya Kiungani, kusini ya mji. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwingine aliyepita Kiungani baadaye, Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akawa kasisi mwaka 1890 na akafanya kazi Chitangali, ambako kwa sisi wa Newala ni nyumbani kabisa. Mwalimu wao A. C. Madan, yule wa kamusi, alikusanya habari walizoandika wavulana wenyewe juu ya maisha yao, akazifasiri kwa Kiingereza, zikatoka kitabu London mwaka 1887. Sijui kitabu kingine cha zamani kuliko hicho chenye sauti za wavulana wa bweni wa Afrika Mashariki. Lakini anayekifungua akitarajia visa vya bwenini atashangaa. Sehemu kubwa wanasimulia kijiji chao, siku ya kukamatwa, kuuzwa mkono kwa mkono, njia ya kwenda pwani, jahazi. Kwao shule ndiyo mahali mambo yalipotulia. Wazee wao walikwisha potezwa na utumwa, na padre akachukua nafasi ya baba, mjomba na kungwi kwa mpigo, akiishi nao palepale. Mtu anaweza kusema mengi juu ya padre huyo, ila alikuwepo. Chuo cha Kiungani kilihamia bara mwaka 1925, na ndicho kilichokuja kuwa shule ya Minaki.

Tabora ni hadithi nyingine. Serikali ya Waingereza ilifungua shule yake pale katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu hasa, na mfano wake ulitoka kwao: shule za bweni za watoto wa mabwana. Katika shule hizo, tangu enzi za Thomas Arnold aliyeongoza Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, wanafunzi wakubwa walipewa madaraka juu ya wadogo. Hoja ya mfumo huo ilikuwa nyepesi: kijana atakayetawala watu kesho aanze leo kutawala bweni. Ukiwa unaandaa watemi wa Unyamwezi na Usukuma chini ya utawala wa kupitia machifu, hoja hiyo inakaa sawasawa. Ndipo kiranja akapatikana. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, akakaa mpaka 1942. Rashidi Kawawa naye alipita hapo. Wengi waliotuongoza walijifunzia kupanga foleni pale.

Serikali ya uhuru iliwaondolea machifu madaraka mwaka 1963. Kiranja hakuondolewa. Hapo ndipo mimi naona kosa lilipo. Tulibaki na mfumo wa kuwafunza watawala kutawala katika shule ambazo sasa zilikuwa za watoto wa wakulima.

Na haikuwa lazima. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1920, Malangali, nyanda za juu za Iringa, mkuu wa shule Mwingereza aitwaye Mumford alijaribu njia nyingine. Aliwaita wazee wa makabila ya pale waingie shuleni wafundishe mila. Wavulana walivaa nguo za kufunga begani badala ya kaptula, wakatupa mikuki na kucheza ngoma za kwao. Wanahistoria wengi humcheka Mumford, na kuna la kucheka: Mzungu anawafundisha Wahehe kuwa Wahehe. Wazazi nao hawakumpeleka mtoto Malangali akajifunze kutupa mkuki. Mkuki walikuwa nao nyumbani, walitaka ukarani. Jaribio halikudumu. Lakini jambo moja Mumford aliliona ambalo wenzake wa Tabora hawakuliona, kwamba watoto wakikaa mbali na nyumbani usiku, lazima awepo mtu mzima wa nyumbani.

Kwetu kusini alikuwepo aliyekwenda kinyume chake. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926, badala ya kuwaleta wazee shuleni alilipeleka kanisa kumbini. Jando la Kikristo lilianza Masasi tangu yeye akiwa padre, likiwa na wazee, na kisu, na nyimbo zilizochujwa. Mjomba wangu alipita jando hilo kisha akasoma shule ya misheni ya Chidya, na alikuwa akisema alichapwa sehemu zote mbili, ila Chidya hakuambiwa kwa nini.

Narudi kwetu. Mwaka 1974 njaa iliingia nchini. Ukame ulikuwa umeunguza mahindi, serikali ikaagiza nafaka nje, na bwalo letu likaanza kupata unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Tuliuita Yanga kwa ajili ya rangi. Mashabiki wa Simba walikula wamenuna, lakini walikula. Asubuhi uji bila sukari, mchana ugali wa Yanga na maharage yenye wadudu, usiku kande. Ukoko wa sufuria ndio uliokuwa na thamani, na funguo za ukoko walishika viranja. Kiranja wa bwalo aligawa kwa kata ndefu. Akikupenda anaizamisha mpaka chini penye maharage, asipokupenda anachota juujuu unaletewa mchuzi mweupe unamojiona uso. Hakuna sheria ya shule iliyoandikwa kuhusu kina cha kata, lakini ndiyo iliyotutawala.

Hapo ndipo korosho zilipofanya kazi. Vijana wa Shinyanga na wa Nzega walikuja na michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, michembe vikiwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Wenyeji wa Tabora waliletewa asali kwenye chupa. Watu wa Bukoba walikuwa na kahawa za kutafuna. Korosho, kwa kuwa huko magharibi hazikuwepo, zilipanda bei kila muhula ulivyosonga. Kiganja kimoja kilinunua kukingiwa zamu ya kufagia. Viwili vilikununulia ulinzi wa mtu wa kidato cha tatu mwenye kifua. Mlinzi wangu alikuwa Msukuma mmoja mpole kama ng'ombe wa maksai, aliyemwambia kiranja wetu mbele ya watu, "Huyu njomba umwache, huyu ni mdogo wangu." Sikusumbuliwa tena. Leo watu wakisema shule za bweni zilijenga taifa, mimi humkumbuka yeye. Taifa lilijengwa ndiyo. Ila halikujengwa na mfumo uliotuweka chini ya viranja; lilijengwa na waranti iliyotukutanisha na watu ambao bila hiyo tusingewaona mpaka kufa, pia na watoto wenyewe walioamua kuitana ndugu.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamika kwamba shule zinamtenga kijana na jamii yake. Alisema kweli, na alizungumza kama mtu aliyekaa bwenini. Dawa aliyoitoa ilikuwa shamba. Tulilima. Tulikuwa na shamba la mahindi, banda la kuku, bustani ya mchicha, na adhabu kubwa ya shule ilikuwa kung'oa kisiki cha mti wa miombo, kazi ambayo mtu asiyeifanya hawezi kujua mzizi mmoja unavyoweza kula siku mbili. Mchakamchaka alfajiri, paredi, darasa, shamba, michezo, prepo ya usiku kwa karabai jenereta ikigoma. Sheria ya Elimu ya 1969 ilikuwa imezichukua shule za misheni zikawa za serikali, kwa hiyo hata mapadre waliokuwa wakilala jirani na watoto, pale walipokuwepo, wengi walikwisha ondoka. Mchana wetu ulipangwa mpaka dakika. Usiku haukuandikwa popote.

Palikuwa na kijana kutoka pwani, mwembamba, msomaji hodari wa Kurani, ambaye alilala kitanda cha juu mkabala na changu. Alikuwa akikojoa kitandani. Mwalimu yeyote angelijua hilo, lingemalizika kwa mpira wa kutandika na maneno mawili ya faraja. Wakubwa wa bweni walilifanya tamasha la kila asubuhi. Kabla muhula haujaisha alitoroka. Wengi walitoroka kwenda uraiani kula mihogo na kurudi, au kwenda mjini Jumamosi kusikiliza Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz nje ya ukumbi kwa kuwa kiingilio hatuna. Yeye alifuata reli kuelekea mashariki, tranka ameiacha. Hakurudi. Kwenye rejista mbele ya jina lake liliandikwa neno moja: mtoro.

Nimefungua rejista nyingi tangu nilipoanza ualimu. Neno hilo limo kila mwaka, kila kidato. Rejista haikudai sababu.

Siku hizi wanafunzi wa zamani tunakutana. Wengine wamestaafu jeshini, wapo waliovuka Kagera mwaka 1979. Wengine wahandisi, mashehe, wachungaji, wafanyabiashara wa mbao. Tunakula pilau, na mara tu sahani zikiondolewa zinaanza hadithi: balbu, ukoko, kunguni wa bweni la tatu, mwalimu wa hisabati aliyekuwa akitembea bila sauti. Tunacheka mpaka machozi. Na kila mara atasimama mmoja aseme kwamba ule ugumu ndio uliotutengeneza, kwamba vijana wa leo wamelegea kwa sababu hawakupitia yale. Wote wanaitikia. Nimewahi kumtaja yule kijana wa reli. Palikuwa kimya, halafu mwenyeji akauliza nani anahitaji soda.

Ushahidi huo una kasoro ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeiona: wanaosimulia ni waliobaki. Anayesema viboko vya kiranja vilimtengeneza hajawahi kulinganishwa na yule ambaye vilimvunja, kwa sababu wa pili hayumo kwenye orodha ya wanaokaribishwa pilau. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kitabu kizima juu ya miaka yake Alliance, Kikuyu, alikoingia 1955. Muhula wa kwanza ulipoisha alirudi likizo akakuta kijiji chao kimebomolewa na serikali ya hali ya hatari. Kwake bweni lilikuwa kimbilio. Namwamini. Kwa mtoto wa Kiungani lilikuwa kimbilio pia. Lakini ukichunguza, kimbilio hilo lilimfaa mtoto ambaye nyumbani kwake paliharibiwa. Sisi nyumbani kwetu palikuwepo, pamejaa wajomba.

Katikati ya miaka ya 1980 karo ilirudishwa, waranti zikafifia, na shule za sekondari zikaanza kujaa watoto wa karibu. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mwenye zamu yake ya wiki. Nilifanya walivyofanya wenzangu wote: kuhesabu vitanda saa nne usiku, kumwachia kiranja tochi, kwenda nyumbani. Mshahara wa mwalimu haukuwa na fungu la kulala bwenini, na bado hauna. Kila bweni lina mwalimu mlezi kwenye karatasi. Shule za wasichana, nyingi, zina matroni anayelala palepale, kwa kuwa jamii iliamua mapema kwamba binti haachwi peke yake usiku. Mvulana tuliamua atajiju.

Kisha zikaja shule za watu binafsi zenye mabasi ya njano na mabweni ya watoto wa chekechea. Wazazi wa Dar es Salaam walianza kulipa mamilioni ili mtoto wa miaka mitano alale umbali wa nusu saa kutoka kitandani kwake. Baba yangu, ambaye hakujua kusoma, alinipeleka Newala mjini kwa miguu na kunisindikiza mpaka basi likaondoka, na akanipa sharti moja, nimwandikie kila mwezi. Sijui angewaelewaje.

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ni uamuzi mzuri, ulichelewa. Lakini waraka huo haukugusa sekondari za wavulana. Mzazi unayesoma haya na una mtoto anayekwenda bweni Januari, usiulize kwanza shule ilifaulisha vipi kwenye matokeo ya kidato cha nne. Muulize mkuu wa shule nani mtu mzima anayelala bwenini, na ukipewa jina, omba uonyeshwe kitanda chake.